Matroni Aliyeichukia Sukari

Sijawahi kumpenda Matroni. Nalisema hili mapema ili mtu asiendelee kusoma akidhani namwandikia sifa za msibani. Kwanza hajafa. Pili, katika miaka yote niliyomjua, miwili ya kuishi naye bwenini na hii mingine mingi ya kumfikiria nikiwa kwangu, sikumbuki siku niliyomwaza bila kukaza meno.

Alikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya sekondari pale Ujiji. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Matroni, wapishi walimwita Matroni, na Mkuu wa Shule mwenyewe alimwita Matroni, tena kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na funguo za stoo zilining'inia shingoni mwake kwa uzi wa nailoni. Ukizisikia funguo zile unaficha ulichonacho. Kama huna kitu, unaficha mikono.

Alichokuwa akikitafuta ni sukari.

Kuna watu ambao hasira huwajia ikapita. Kwa Matroni ilikuwa imehamia kabisa, na vyombo vyake. Sukari hakupenda hata kuitaja kwa jina. Aliiita "ile nyeupe."

"Nani ameingiza ile nyeupe humu ndani?" alikuwa akiuliza mlangoni, pua juu, kana kwamba sukari ina harufu. Na kila mara alikuwa anajua ni nani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye sanduku lenyewe, akachomoa kifuko, akakupa mkononi, akakutembeza mpaka kwenye shimo la taka ukamwage wewe mwenyewe. Biskuti vilevile. Zile juisi za unga za rangi ya chungwa ndizo zilizomtia wazimu zaidi. "Hii ni rangi ya ukuta!" alikuwa akifoka. "Mnakunywa rangi ya ukuta, halafu mnanijia kulia kwamba uso umeharibika!"

Wasichana waliotutangulia walitusimulia kwamba kabla hajafika, uji wa asubuhi ulikuwa mtamu mpaka midomo inanata. Yeye hakuiondoa sukari kwa siku moja. Alipunguza kikombe baada ya kikombe, wiki hadi wiki, mpaka siku watu walipozinduka wakakuta wanakunywa uji wa ulezi na karanga za kusaga, na sukari hakuna. Bwalo zima likagonga sahani. Alisimama katikati, mikono kiunoni.

"Gongeni," alisema. "Mkichoka mtakunywa."

Walichoka, wakanywa. Mimi nilipofika kidato cha kwanza uji ulishakuwa hivyo, na jambo la kwanza nililolichukia katika shule ile lilikuwa uji wake.

Jikoni hakuwa na mamlaka kwa maandishi, lakini alitawala. Ugali wa muhogo alikuruhusu, ila sahani yako lazima iwe na majani: matembele, mchicha, au sombe, ambayo watu wa kwingine wanaiita kisamvu. Dagaa kila siku dagaa walipopatikana. Maharage. Mawese aliyatia kwa kijiko, na mpishi aliyethubutu kumimina kutoka kwenye dumu aliambiwa mbele yetu kwamba anapika chakula, halainishi mlango. Na maji. Ukimwambia una kiu, maji. Una njaa saa nne asubuhi, maji kwanza. Msichana mmoja alimjibu kwamba soda nayo ni maji.

"Oya!" alisema Matroni, yaani hapana. Hasira ilipompanda Kiha kilitangulia Kiswahili. "Soda ni maji ukiiona kwa mbali tu. Sogea karibu!"

Nilicheka siku hiyo pamoja na wenzangu. Sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na uso wangu ulikuwa umechafuka. Sisemi vichunusi viwili vitatu vya kawaida. Nilikuwa na majipu madogo mashavuni, kwenye kidevu, hadi chini ya taya, mengine yanauma hata kulalia upande. Vioo nilivikwepa. Kwenye picha nilisimama nyuma. Nyumbani Mwanga, pale Kigoma mjini, mama wa jirani alishamwambia mama yangu kwamba chunusi za namna ile ni za msichana anayewaza wanaume, na mama, Mungu amsaidie, alinitazama kwa jicho lingine wiki nzima. Na ndiyo, nilikuwa nakunywa soda. Baba alikuwa na kazi bandarini na mimi ni mtoto wake wa mwisho, kwa hiyo sikukosa cha mfukoni. Soda moja mchana, biskuti jioni, pipi katikati. Sikatai.

Ilikuwa Ijumaa, bwaloni, baada ya chakula cha mchana. Matroni alikuja na bilauri tupu, sufuria ya sukari na kijiko. Akasema leo atatuonyesha tunachokunywa. Akachota kijiko akatia, akachota akatia, bila kusema neno. Mwanzo tulitabasamu. Kisha tukaanza kuguna. Akaendelea. Alipomaliza aliinua bilauri juu, na pale chini sukari ilikuwa imejaa kama mchanga wa ufukweni.

"Hii ndiyo chupa moja ya soda," alisema. "Moja tu."

Laiti angeishia hapo. Lilikuwa somo zuri, na mpaka leo sijaona mwalimu aliyefundisha kitu kwa maneno machache kiasi kile. Lakini macho yake yalizunguka bwalo yakasimama kwangu.

"Wewe. Njoo hapa."

Nilikwenda. Alinishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza uso kulia, akanigeuza kushoto, taratibu, ili meza zote zione.

"Mnaona? Mnanunua kwa siri, mnakula kwa siri, mkidhani mimi sijui. Sihitaji mpelelezi. Tazameni huu uso. Uchafu wote wa lile duka la langoni uko hapa!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wakacheka wengi. Sikulia. Nilitazama vidole vyake, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu na macho yangu, nikaona kwamba vifundo vyake vilikuwa vyeusi tii ilhali mkono uliobaki ni maji ya kunde. Sikujua maana yake wakati ule.

Kufikia usiku nilishapewa jina: Sukari Guru. Mtu aliyewahi kuona bonge la sukari guru, hudhurungi, lenye vinundu, anaelewa kwa nini lilinasa. Niliitwa hivyo hadi namaliza kidato cha nne. Mwaka juzi tu, mwanamke aliyeleta kitambaa kwangu nimshonee sare za wanawe alinitazama vizuri, akapiga kofi, akasema, "Jamani, si wewe Sukari Guru?" Sare nilizishona. Lakini nilivunja sindano.

Basi hapo ndipo mtu angetegemea niseme Matroni alikuwa mkatili, nimalize. Ingekuwa rahisi kwangu. Tatizo ni kwamba kesho yake, Jumamosi asubuhi, aliniita tena, safari hii nyuma ya stoo kwenye mwanga wa jua, hakuna mtu. Alinikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa, akauangalia uso wangu bila kuugusa, kwa muda mrefu, kama fundi saa.

"Unaminya?"

"Ndiyo, Matroni."

"Acha. Kila ukiminya unaandika kovu. Unapaka nini?"

"Mafuta ya mgando."

"Acha. Foronya umefua lini?"

Sikumbuki, nilimwambia, na lilikuwa jibu la kweli.

"Utafua kila Jumamosi. Uso utaosha asubuhi na jioni, sabuni ya kawaida isiyo na manukato, taratibu, hausuguliwi kama sufuria. Soda, biskuti, pipi, hapana. Sikuambii milele. Nakuambia miezi mitatu. Utakula majani, dagaa, maharage, parachichi likipatikana, na utakunywa maji mpaka uchoke kwenda chooni. Kila Jumamosi utakuja hapa nikuone."

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia haya jana, peke yetu, namna hii. Sikuweza. Nilisema, "Ndiyo, Matroni," nikaenda kufua foronya huku nikimlaani.

Miezi mitatu hakukosa Jumamosi hata moja. Siku ya mvua alinipeleka barazani. Siku aliyokuwa na malaria alikuja amejifunga shuka mbili, akaniangalia huku meno yanagongana, akasema, "Kidevu kimetulia. Shavu la kushoto bado. Nenda." Hakunisifu. Hakuniomba radhi. Wiki mbili za mwanzo niliumwa kichwa kwa kukosa soda, na nikamchukia kwa kila pigo la kichwa hicho. Mwezi wa pili niliamka nikakuta nimelala ubavu bila maumivu. Mwezi wa tatu yale majipu makubwa yalikuwa yamebaki mawili, matatu, na madoa. Uso haukuwa kama wa watoto wa kwenye matangazo, lakini ulikuwa uso ninaoweza kuutazama. Nilisimama mbele ya kioo cha bweni nikafurahi, na papo hapo nikakasirika kwamba furaha ile inatoka kwake.

Si kwamba alikuwa sahihi katika kila kitu. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Kidato cha nne kulikuwa na dada aliyekunywa soda kuliko sisi sote, na uso wake ulikuwa laini kama ganda la yai. Nilimwonyesha Matroni siku moja.

"Na yule je?"

Alimtazama, akaguna. "Yule ana bahati. Wewe huna. Nenda kale mchicha."

Nilipokuwa mtu mzima, baada ya kuzaa, chunusi zilirudi, nikaenda hospitali. Daktari, kijana mpole, alinieleza kwamba kuna mambo ya homoni, kuna ya kurithi, kuna ngozi ambazo zimeumbwa kutoa mafuta mengi. Kupunguza sukari husaidia baadhi ya watu, wengine wanahitaji dawa, na hakuna ubaya. Alimuuliza mama yangu, aliyekuwa amenisindikiza, kama naye aliwahi kuwa nazo. Mama akacheka: "Mimi? Mimi nilikuwa mbaya kuliko huyu!" Kumbe nilisimamishwa mbele ya bwalo zima, kwa sehemu kubwa, kwa kosa la kuzaliwa na mama yangu.

Na yeye mwenyewe alikuwa na udhaifu wake. Nilimfuma. Nyuma ya stoo palepale, siku ambayo si Jumamosi, Matroni alikuwa amekaa kwenye ile ndoo, miguu ameitandaza, anatafuna muwa. Pembeni makapi yalikuwa lundo. Juisi ilimtiririka hadi kwenye kiwiko. Nilisimama. Alisimama. Hakuona haya hata kidogo.

"Unashangaa nini?"

"Muwa si sukari, Matroni?"

"Jaribu kutafuna muwa mzima uone kama taya halikusimamishi. Chupa ya soda unaimeza ukiwa unaongea. Muwa unakuambia basi. Soda imewahi kukuambia basi?" Akakata pingili, akanipa. "Na usiseme."

Nilikula. Sikusema. Ilikuwa siri yetu pekee, na nilikasirika nayo pia, maana sikutaka kuwa na siri na mtu yule.

Kuhusu vile vifundo vyeusi nilielewa kupitia Estella. Estella alikuwa rafiki yangu wa kitanda cha juu, mtoto wa wavuvi wa Kagunga, kule mpakani, msichana mwenye kicheko cha kuamsha watu. Naye alikuwa na chunusi, chache kuliko zangu. Lakini aliona miezi mitatu ni mirefu. Sokoni mtu alimuuzia kikopo kidogo cha krimu kisicho na maandishi. Wiki ya kwanza uso ulinyooka na kung'aa, tukamwonea wivu. Mimi nilimwomba anipakulie kidogo, akasema subiri kinunuliwe kingine. Wiki ya tatu ngozi ilianza kuwaka, ikawa nyekundu, ikabanduka mashavuni kama maganda ya kitunguu. Alijifunika khanga, akasema ni homa.

Matroni aliifunua ile khanga mwenyewe. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Uso wake ulibadilika rangi. Alimshika Estella mkono, akaniambia nami nije, akaita bajaji, tukaenda hospitali Kigoma. Pale kwenye benchi, tukisubiri, Estella akilia kwa sauti ya chini, Matroni alizungumza akitazama ukuta.

"Mimi nilikuwa mjinga miaka sita," alisema. "Wewe umekuwa mjinga wiki tatu. Utapona."

Basi. Hakurudia kamwe. Lakini nilitazama mikono yake juu ya mapaja, vile vifundo ambavyo mkorogo wa kujichubua haukuwahi kuvishinda, na nikajua. Estella alipona baada ya miezi, doa likabaki upande mmoja. Na mimi, niliyekuwa nasubiri kikopo cha pili, niliokoka kwa sababu ya foleni tu.

Ni baada ya hapo ndipo Matroni alipolitangazia vita duka.

Duka la shule lilikuwa chumba kimoja kando ya lango, na aliyeliendesha alikuwa shemeji yake Mkuu, mama mcheshi aliyetuita sote "wanangu wazuri." Soda, biskuti, keki zinazotoa mafuta, juisi za unga, na kwenye rafu ya juu, nyuma ya daftari, vikopo vya krimu. Ndiyo. Vilevile visivyo na maandishi. Matroni alivikuta mwenyewe. Alivibeba kwenye beseni hadi ofisini kwa Mkuu, akaviweka juu ya meza, juu ya makaratasi. Mlango ulikuwa wazi, nasi tulikuwa tunafagia uwanja. Tulisikia kila kitu.

"Hivi vitoke leo. Na soda zitoke. Weka ndizi, weka karanga, weka mayai ya kuchemsha. Hutapata hasara."

"Matroni, wewe ni mlinzi wa bweni. Mambo ya duka hayakuhusu."

"Nyuso za hawa watoto ndizo zinazonihusu!"

"Punguza sauti."

"Siipunguzi!"

Kweli hakuipunguza. Siku ya wazazi kutembelea alisimama mlangoni mwa duka, akawazuia wasichana kuingia, akawaeleza wazazi mmoja mmoja kilichokuwa kwenye rafu ya juu. Baba yangu alirudi nyumbani akisema, "Yule mama ana moto." Alisema kwa heshima.

Wiki iliyofuata Mkuu aliniita ofisini. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alizungumza polepole. Alisema amesikia kwamba kuna siku Matroni alinidhalilisha mbele ya wenzangu. Je, ni kweli?

Mtu yeyote mzima alikuwa na miezi mingi ya kuuliza swali hilo. Walimu walilisikia lile jina. Mwalimu wa hesabu aliwahi kuniita hivyo mwenyewe darasani, akacheka. Hakuna aliyeuliza mpaka siku ambayo jibu langu lilikuwa na faida kwao. Leo nalijua hilo. Siku ile nilichosikia ni kwamba hatimaye mtu ameniuliza.

"Ni kweli, Mwalimu."

"Uliumia?"

"Niliumia sana."

"Andika." Akanisogezea karatasi na kalamu.

Niliandika. Niliandika kidevu, vidole, bwalo, kicheko, jina. Maneno yalinitoka kama maji ya bomba, na kila neno lilikuwa kweli. Nilipofika mwisho wa ukurasa nilisita. Nilijua kinachofuata ni Jumamosi. Nilinyanyua kichwa.

"Niendelee nyuma?"

"Inatosha," alisema Mkuu, akaichukua.

Nami niliiacha aichukue. Sikusema, "Bado sijamaliza, Mwalimu." Lilikuwa jambo la sekunde moja. Nilitoka pale nimejaa raha, nasema kwa aibu, raha tupu, kama mtu aliyetua mzigo.

Matroni aliondoka Jumatano, tukiwa darasani. Nilimwona dirishani: sanduku lake limefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira, yeye amekaa ameshika sufuria mapajani. Hakuangalia madarasa. Ijumaa uji ulirudi mtamu, na bwalo likashangilia. Mwezi uliofuata duka lilipata jokofu jipya. Chunusi zangu zilikuwa na mwezi mmoja hivi wa kuendelea kutulia, halafu zikarudi, kwa sababu soda ilikuwa baridi sasa, na mimi ni mtu wa kawaida.

Nimemkasirikia Mkuu miaka yote hii kwa kunitumia. Nimemkasirikia Matroni kwa kuwapa kisu mwenyewe, tena chenye makali, siku ile ya bilauri. Angekuwa na adabu kidogo tu kwa mtoto mmoja, wasingekuwa na cha kumfukuzia. Na kwa upande wangu, nimejikasirikia kwa ukurasa wa nyuma ulioachwa mweupe.

Mwaka jana, asubuhi ya saa nne, nilikwenda Kibirizi kupokea mzigo wa dagaa ambao shangazi alinitumia kutoka Mwamgongo. Pale ufukweni mwa ziwa boti za kaskazini zinapakia na kushusha, watu wamejaa, magunia, kuku, magodoro. Nilikuwa natafuta boti yangu niliposikia:

"Unamnywesha nini huyo mtoto? Kwenye chupa ya maziwa! Soda! Kwenye chupa ya maziwa!"

Niliitambua sauti kabla sijamwona. Alikuwa amezeeka. Mabega yaleyale, ila yameshuka, na mguu mmoja anauburuta. Mbele yake mama kijana mwenye mtoto mikononi alikuwa amekasirika vilevile kama sisi zamani.

"Shikamoo, Matroni," nilisema.

Aligeuka. Alinitazama usoni, kwanza mashavu, kisha kidevu, kisha ndipo macho.

"Marahaba. Wewe ni wa Jumamosi."

Aliniambia anaishi Kagunga sasa, anapikia wavuvi na wasafiri. Wazazi wa Estella ndio waliompokea alipokosa kazi. Estella ameolewa Kasulu, ana watoto wawili. Boti yake inaondoka muda si mrefu. Nilimsikiliza mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Matroni, mimi ndiye niliyeandika."

"Najua. Walinisomea."

"Niliandika nusu."

"Nusu uliyoandika ilikuwa ya kweli," alisema. "Nilitafuta uongo nikaukosa. Ndiyo maana sikubisha."

Hapo ningepaswa kulainika. Badala yake ile hasira ya miaka yote ikanipanda yote kwa pamoja. "Basi kwa nini hukuniomba radhi? Ulikuwa nami Jumamosi kumi na mbili! Ulikuwa unanitazama usoni! Neno moja tu lilikushinda?" Nilikuwa napiga kelele. Watu waligeuka. "Wananiita lile jina mpaka leo, Matroni! Nina mtoto wa shule, na wananiita!"

Aliweka kapu lake chini, akapanda juu ya gunia la muhogo, akishikilia bega la mpakia mizigo aliyekuwa karibu, akawapigia makofi abiria wa boti ya Kagunga.

"Nisikilizeni! Nyie! Nisikilizeni!"

"Matroni, shuka," nilisema. "Tafadhali."

"Huyu alikuwa mtoto wa shule mikononi mwangu. Nilimshika uso mbele ya wenzake nikamwita uchafu. Alikuwa na miaka kumi na mitano na hakuwa na kosa. Nilikosa mimi. Nilimwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nasema mbele ya watu."

Mvuvi aliyekuwa akikunja wavu akasema, "Basi msamehe, dada, boti iondoke," na wengine wakaitikia, "Msamehe, msamehe."

Nilihisi kuvuliwa nguo mara ya pili na mtu yuleyule. "Sijakusamehe," nilisema.

"Sikukuuliza kama umenisamehe," alijibu kutoka juu ya gunia. "Nimesema nilikosa."

Nikasikia sauti yangu, ndogo, ikisema kwamba na mimi nilikosa.

"Sauti!" alisema.

"Na mimi nilikosa!" Nililia sasa. "Huyu mama alinitibu! Alikuja hata akiwa na malaria! Alisimama peke yake dhidi ya watu waliokuwa wanatuuzia sumu, na walipotaka kumfukuza mimi niliwasaidia! Nilijua mengine na nikanyamaza!"

Hakuna aliyeelewa, wala hawakuwa na sababu ya kuelewa. Matroni aliitikia kwa kichwa mara moja. "Nimesikia," alisema. Alishuka, akaokota kapu, akakataa mkono wangu, akaingia majini hadi magotini, akapandishwa botini na vijana wawili ambao aliwagombeza kwa jinsi walivyomshika. Alikaa katikati ya wanawake wengine. Boti ilirudi nyuma, ikageuka, ikachukua njia ya kaskazini.

Yule mama kijana alikuwa bado kando yangu, mtoto amelala. Chupa alikuwa ameishika mkononi, hajui aitie wapi.

"Yule bibi ni nani wako?" aliniuliza.

Nilifikiri. Mama hakuwa, shangazi hakuwa, na mwalimu hakuwa.

"Ni mtu niliyemfukuzisha kazi," nilisema.

Alicheka, akidhani namtania.